Barua kwa Bibi Mwalimu: Ufunguo wa bweni analala nao nani?

Wanangu na wajukuu zangu, shule zinafunguliwa na barua zimejaa mezani. Nyingi mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nitajuaje kwamba mtoto wangu yuko salama akiwa nje ya macho yangu? Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu. Nimekaa mabwenini miaka mingi, mwalimu mchana na matroni usiku, na sasa nimestaafu lakini jambo hilo bado linaniamsha.

*

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Binti yetu amepata nafasi kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya binafsi, huku huku mkoani Tanga. Tulipokwenda kuulizia, tuliambiwa mabweni yanafungwa kwa kufuli saa nne usiku, mlinzi anakaa na ufunguo, na madirisha yote yana nondo, hivyo hakuna mwanamume anayeweza kuingia. Baba yake ameridhika kabisa na anataka tulipe ada wiki hii. Mimi roho inasita. Nitazame nini kabla hatujalipa? – Mama wa kidato cha kwanza, Muheza*

Marahaba mwanangu. Roho yako iko sahihi, isikilize. Kufuli hilo hilo linalomzuia mwanamume kuingia ndilo litakalomzuia binti yako kutoka bweni likishika moto.

Juni 1994 bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, liliungua usiku, wakafa wasichana zaidi ya 40. Sisi tuliokuwa kazini wakati ule tulisikia redioni, na naamini kila matroni nchini usiku ule alikwenda kusimama mlangoni mwa bweni lake akahesabu. Agosti 2009 ikawa Idodi, Iringa, wasichana 12. Kwa jirani zetu Kenya orodha ni ndefu zaidi: Bombolulu mwaka 1998, wasichana 26, Kyanguli mwaka 2001, wavulana 67, Moi Girls ya Nairobi mwaka 2017, wasichana 10, na Septemba 2024 Hillside Endarasha kule Nyeri, wavulana 21 wa shule ya msingi. Moto ulianza kwa sababu tofauti. Idodi ulihusishwa na mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea usiku. Kyanguli ilimwagwa petroli. Lakini tazama kilichowafanya watoto wasitoke. Bombolulu mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Kyanguli mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa na kufuli na madirisha nayo yana nondo. Endarasha watoto zaidi ya 150 walilala chumba kimoja cha mbao.

Kwa hiyo mweleze baba yake, taratibu na kwa heshima, kwamba hofu yake ni ya kweli ila imewekwa mahali pasipofaa. Mwanamume anazuiwa na ukuta, geti, taa za nje na mlinzi anayezunguka. Mlango wa chumba wanacholala watoto unafungwa kwa ndani, kwa komeo ambalo binti wa kidato cha kwanza anaweza kulivuta gizani huku anakohoa moshi. Shule ikikuambia haiwezi kulinda wasichana bila kuwafungia kwa nje, ujue haina ulinzi.

Sasa nenda. Usiende siku ya sherehe, nenda siku ya kawaida, na usikubali kuishia ofisini kwenye kiti cha wageni. Sema kwa adabu kwamba ungependa kuona bweni la kidato cha kwanza. Mkuu wa shule anayejiamini atamwita matroni akupeleke. Akikuambia wazazi hawaruhusiwi bwenini, mwombe afuatane nawe matroni wa kike wakati wanafunzi wako darasani. Akikataa hata hilo, ada yako usiitoe.

Ukiingia, tembea hadi kitanda cha mwisho kabisa, kile cha pembeni. Simama hapo, geuka, ufumbe macho, kisha utembee kwenda mlangoni. Utagonga tranka, utakanyaga ndoo, utajikwaa kwenye mguu wa dabodeka. Vyote hivyo vitakuwepo saa nane usiku umeme ukiwa umekatika na watoto wote wanakimbilia huko huko. Baada ya misiba yao, Kenya walitoa kitabu cha viwango vya usalama wa shule mwaka 2008, na vipimo vyake nimevitumia mwenyewe hata kwetu kwa sababu vinapimika kwa futi kamba ya fundi cherehani: kati ya kitanda na kitanda mita 1.2, njia ya katikati mita 2, mlango upana wa futi 5 na ufunguke kwenda nje, mlango kila upande wa bweni na mwingine wa dharura katikati, madirisha yasiwe na nondo na yasukumike kwa urahisi. Mlango unaofunguka kwenda ndani ni hatari ambayo wengi hawaijui. Watoto 50 wakisukumana kuelekea mlangoni, wa mbele hana nafasi ya kuuvuta.

Kisha sukuma dirisha mwenyewe kwa mkono wako. Tazama soketi: waya wa ekstensheni unaopita chini ya godoro, pasi, kichemshio cha maji kilichofichwa nyuma ya tranka. Uliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi, na usome kibandiko chake kinachoonyesha ulikaguliwa lini mara ya mwisho. Omba kuona cheti cha ukaguzi cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hiyo ni haki yako kabisa, wala si ukorofi.

Halafu tafuta mwanafunzi mmoja, wa kidato cha pili au cha tatu, umuulize maswali mawili. Moto ukiwaka usiku mnakutana wapi? Na ufunguo wa bweni analala nao nani? Ukijibiwa papo hapo, "pale chini ya mwembe, tunasimama kwa vyumba, matroni anaita majina", hiyo ni shule iliyofanya mazoezi. Binti akimtazama mwalimu usoni kabla ya kukujibu, au akicheka kwa aibu, hawajafanya.

Matroni je? Ulizia analala wapi. Akilala nyumba ya mbali, ng'ambo ya uwanja wa mpira, usiku watoto hao wako peke yao. Na daftari la majina liko wapi? Mimi nilikuwa na madaftari mawili. Moja nilitembea nalo na tochi kila usiku, kitanda kwa kitanda, nikigusa mguu uliotokeza kwenye chandarua maana shuka lililojazwa nguo huwa linafanana sana na mtoto aliyelala. Nakala ya pili niliiacha kwenye kibanda cha mlinzi getini. Daftari likiungua ndani ya bweni, hakuna atakayeweza kusema nani alikuwemo na nani amelala sikubei, chumba cha wagonjwa, kwa ruhusa, na wazazi watasimama nje hadi asubuhi bila kujua.

Kuna jambo moja shule nyingi hazitaki kulisikia. Wanafunzi huwasha mishumaa kwa sababu wanataka kusoma. Prepo inaisha saa nne, umeme umekatika, mtihani wa moko uko wiki ijayo, na mtoto wa maskini anajua kwamba kitabu ndicho kitakachomtoa. Ukimkataza mshumaa bila kumpa taa, ataupeleka ndani ya chandarua. Nimeukamata humo, umebanwa juu ya kifuniko cha kopo la mafuta, sentimita chache kutoka kwenye neti. Tulichofanya ni kuacha darasa moja wazi lenye taa za sola hadi saa sita, mwalimu wa zamu akiwa mlangoni, na wanafunzi wanakwenda na kurudi wakiwa kikundi. Mishumaa ikaisha yenyewe. Kwa hiyo uliza pia: anayetaka kusoma usiku anasomea wapi?

Na uliza malalamiko ya wanafunzi yanapelekwa kwa nani. Moto mwingi wa Kenya uliwashwa na wanafunzi wenyewe, watoto waliokasirika na ambao hawakuona njia nyingine ya kusikika. Shule yenye baraza ambalo wanafunzi wanasema uji una wadudu, na uji ukabadilishwa, ni shule ninayoiamini kuliko yenye ukuta mrefu.

Ukikuta kasoro, usiogope kuzisema. Kuondoa nondo za dirisha ni kazi ya fundi wa kuchomelea ya siku chache. Kugeuza mlango ufunguke nje ni bawaba. Mwambie mkuu wa shule utalipa ada haya yakifanyika, na uwatafute wazazi wengine wanne mseme pamoja. Shule ya binafsi inasikia sana lugha hiyo. Na siku ya kumpeleka binti, kabla hujamuaga, tembea naye kutoka kitandani kwake hadi kila mlango. Mfundishe kutambaa chini pakiwa na moshi, na kwamba tranka halirudiwi, hata likiwa na kila alichonacho.

*

*Bibi Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha pili shule ya kutwa. Kila siku saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni, na makonda hawataki wanafunzi. Wiki iliyopita nimegundua kuna kijana wa bodaboda anampeleka shule bila kumlipisha, huu ni mwezi wa pili. Nilimchapa binti sana. Sasa hasemi na mimi na mama yake amenikasirikia. Kijana nimemtafuta, anasema anamsaidia tu. Nifanye nini? – Baba, Mbagala*

Marahaba baba. Umeandika ukiwa na uchungu na ninauona. Lakini nitaanza na wewe.

Mtoto aliyechapwa kwa kupewa lifti hatakuambia siku lifti hiyo ikigeuka kuwa kitu kingine. Umemfundisha kwamba ukijua, anaumia. Kwa hiyo leo hii, kabla ya bodaboda na kabla ya konda, kaa naye. Mama yake awepo. Mwambie hukupaswa kumpiga, kwamba uliogopa. Baba kumwambia mtoto wake hivyo hakumpunguzii chochote. Kisha muulize asubuhi zake zinakwendaje, na umsikilize hadi mwisho bila kumkatiza.

Utasikia alichokuwa anakipitia. Mwanafunzi analipa shilingi 200, na mtu mzima zaidi ya mara mbili ya hiyo. Konda ana hesabu ya bosi ya kupeleka jioni, kwa hiyo anaziba mlango kwa mkono: "Denti wawili tu, wengine shukeni!" Binti anaachwa gari la kwanza, la pili, la tatu. Akichelewa shuleni anaadhibiwa getini. Siku ya nne kijana anasimama, anamwambia "twende mdogo wangu", anafika mapema na nywele hazijavurugika. Mtoto gani atakataa? Huenda kijana huyo ana moyo mzuri kweli. Lakini lifti ya bure ya miezi miwili inajenga deni ambalo halikuandikwa popote, na siku litakapodaiwa binti ataona aibu kusema hapana. Wasichana wengi waliopata mimba nikiwa kazini walinisimulia mwanzo unaofanana na huo. Chipsi, vocha, lifti. Wachache sana walikuwa wameanza kwa mapenzi.

Basi mwondolee sababu ya kuhitaji lifti. Kituoni kwenu hayuko peke yake, wako watoto wa majirani. Wakusanyeni wazazi wa mtaa, pangeni zamu, mtu mzima mmoja asimame nao kila alfajiri hadi wapande. Konda anayemsukuma mtoto mbele ya mzazi aliyeshika simu na anayeandika namba ya gari ni nadra. Namba hizo zipelekeni kwa askari wa usalama barabarani na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, zikiwa na tarehe na saa. Malalamiko ya jumla jumla hayafanyiwi kazi. Mwone pia mkuu wa shule. Mtoto anayetoka Mbagala na kuwahi kusimama kituoni gizani hastahili adhabu ya kuchelewa sawa na aliyelala nyumba ya pili kutoka shuleni. Mwalimu akiambiwa ukweli huwa anaelewa.

Kama bodaboda haiepukiki, iwe ya wazazi. Mchagueni dereva mtu mzima, mwenye familia mnayoijua, mumlipe kwa mwezi, awe na kofia ngumu mbili, amchukue mlangoni kwako ukiona na amshushe getini kwa mlinzi. Muwe na namba ya pikipiki na jina lake kamili, na mwenyekiti wa kijiwe ajue mmekubaliana nini. Viongozi wa vijiwe ni watu wa kushirikiana nao. Nimewahi kukaa nao kwenye mabenchi yao chini ya mkungu, na wao ndio wanajua nani kati yao ana tabia ya kuzunguka shule za wasichana mchana. Waambie pia, bila kutisha mtu, kwamba tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inasema anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Vijana wengi wanaisikia kwa mara ya kwanza wakiwa mahakamani.

Sasa la mwisho, na naomba ulisome polepole. Katika mazungumzo yenu anaweza kukuambia kwamba kuna jambo limeshatokea. Akisema, usipige kelele, na usimfuate kijana na wenzako. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Asioge, na nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hospitali kadhaa zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja. Pasipo na kituo hicho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi mkapewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kamwe msikubali kumaliza kifamilia kwa fedha au mbuzi. Na hata ikitokea mimba, shule haijaisha kwake. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani.

Natumaini hakuna lililotokea. Hata hivyo kaa naye.

*

*Bibi, naomba usiandike jina la shule yangu. Rafiki yangu wa bweni ananiambia hataki kuishi tena. Baba yake amefariki na mjomba hataki kulipa ada. Ameanza kugawa vitu vyake, mimi amenipa sweta. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote. Nikisema nitakuwa nimemsaliti? – Msichana wa kidato cha tatu*

Mjukuu wangu, hapana. Kiapo ulichokula hakikufungi. Rafiki yako amekuambia wewe kwa sababu sehemu yake moja inataka kusaidiwa, na imekuchagua wewe.

Leo, usingoje kesho, mwone mtu mzima mmoja unayemwamini: mwalimu wa malezi na unasihi, matroni, mwalimu wa dini, yeyote. Mwambie maneno haya haya uliyoniandikia, pamoja na habari ya sweta. Kugawa vitu ni dalili kubwa, mtu mzima asiidharau. Wa kwanza akikuambia "anatafuta huruma tu", nenda kwa wa pili, na wa tatu. Unaweza pia kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na wanajua la kufanya.

Hadi mtu mzima afike, usimwache peke yake. Lala naye karibu, mwende chooni pamoja. Kama amekuonyesha kitu anachotaka kukitumia, vidonge au chochote, mwambie matroni kilipo akitoe. Na wewe pia mwambie rafiki yako, uso kwa uso: "Nimesema kwa sababu sitaki ufe." Anaweza kukununia kwa muda. Ivumilie hiyo hasira yake, wewe endelea kukaa karibu.

Kwa walimu watakaosoma ukurasa huu: mtoto wa namna hii haitwi mstarini. Hafukuzwi ada. Anakaa na mtu wa kumsikiliza, anapelekwa hospitali, na mwenye shule anakaa na mjomba wake wakazungumzie hiyo ada. Bodi za shule zina uwezo wa kusamehe au kuahirisha, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ipo kwa ajili ya watoto kama huyu.

Uniandikie tena mjukuu wangu, unijulishe.

*

*Mwanangu wa darasa la sita alichapwa viboko kumi na mwalimu wa zamu kwa kukosa hesabu, mikono ikavimba. Naambiwa mwalimu ana haki. Ni kweli? – Mzazi, Handeni*

Si kweli. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu. Kukosa hesabu hakuna mahali kunaitwa kosa kubwa.

Mpeleke mtoto zahanati kwanza, upate maandishi ya daktari. Kisha nenda kwa mwalimu mkuu, mwombe akuonyeshe kitabu hicho cha adhabu na ukurasa wa siku ile. Hakitakuwa na kumbukumbu, au kitakuwa na kumbukumbu ya vinne. Usipopata jibu la maana, mwone Afisa Elimu Kata na ofisi ya ustawi wa jamii. Mimi binafsi nilifundisha hesabu, na sikuwahi kuona jibu lililoingia kichwani kupitia kiganja. Mtoto aliyeogopa anahesabu dakika za kengele, hahesabu sehemu na desimali.

*

*Sisi ni kamati ya shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu. Magari yanapita kwa kasi na mwaka jana tulizika mtoto. Tumeandika barua halmashauri hatujajibiwa. Tufanye nini zaidi? – Katibu wa kamati ya shule, wilaya ya Korogwe*

Poleni sana. Pole hasa kwa wazazi wa mtoto huyo.

Kwanza angalieni barua mmeiandika kwa nani. Barabara kuu ni ya TANROADS, na meneja wa mkoa ndiye anayeweza kuweka matuta, alama na kivuko. TARURA wanashughulikia barabara za wilaya, mitaa na vijiji. Barua iliyopelekwa ofisi isiyohusika inaweza kukaa kwenye jalada hadi mtihani wa taifa upite.

Pili, barua iwe na ushahidi. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lina mpango wa usalama barabarani karibu na shule unaoitwa SARSAI, uliopata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Wao hawakuanza na saruji. Walianza kwa kujua watoto wanapita wapi na wanaumia wapi, ndipo wakaweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi vya kutenganisha watoto na magari, na shule nyingine geti likahamishwa kutoka barabara yenye magari mengi. Ninyi mnaweza kuifanya hatua ya kwanza wenyewe. Walimu wawaulize wanafunzi darasa kwa darasa: unavukia wapi, nani amewahi kugongwa au kukoswakoswa, ilikuwa saa ngapi? Mchoreni ramani kwenye karatasi kubwa, mweke alama. Mkae barabarani asubuhi moja mhesabu watoto wanaovuka kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu. Karatasi hiyo iambatane na barua, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, diwani na mkuu wa usalama barabarani wa wilaya.

Wakati mnasubiri, geti lihamisheni. Kama uzio wenu ni wa michongoma, kata upande wa nyuma unaotokea kwenye njia ya kijiji na mzibe wa barabarani, ili watoto wote wafike sehemu moja ya kuvukia. Pale awepo mtu mzima mwenye kizibao kinachong'aa na kibendera chekundu, asubuhi na wakati wa kutoka. Wazee wastaafu wa kijiji wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa zamu na wataifanya vizuri, hasa wale waliokuwa mgambo. Mwombeni askari wa usalama barabarani aje awafundishe jinsi ya kusimamisha gari bila kujiweka mbele yake. Watoto wa awali na darasa la kwanza wasiachiwe kutoka peke yao; watoke na kaka na dada zao, wameshikana mikono, hata kama itabidi kengele ya wadogo igongwe pamoja na ya wakubwa. Hilo halihitaji barua ya mtu, mwalimu mkuu anaweza kulipanga Jumatatu.